Mluzi Juu ya Sauti ya Baba

Jumatatu, 4 Agosti
Dukani, kuchukua mzigo Nakonde, nyumbani. Redio ya gari aliloniachia baba bado inapiga mluzi. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Umeanza tangu Fundi Jafari afunge amplifaya. Niliitaka kwa ajili ya mama. Masikio yake yamekuwa mazito, sauti ya simu haimfikii. Jumamosi tunaanua matanga ya baba kule Itumba, Jumapili nakuja na mama Tunduma. Nimemwahidi atamsikia baba njiani, ule wimbo aliorekodiwa akiimba peke yake kanisani. Hajaisikia sauti yake tangu tumzike.

Jumanne, 5 Agosti
Jafari kaweka filta ya kuchuja mluzi, kutoka upande wa Zambia. Kajisifu weee. Mluzi uko palepale. Nimemfokea mbele za watu. Sijutii.

Alhamisi, 7 Agosti
Waya za sauti zilikuwa zimelala pamoja na waya mnene wa betri. Jafari kazihamishia upande wa pili. Mluzi umepungua, haujaisha. Baba anaimba, mluzi uko juu yake kama mbu sikioni. Nikizima injini, betri iliyochoka haifikishi ubeti wa pili. Nimelia kwenye foleni ya malori. Aibu tupu.

Ijumaa, 8 Agosti
Jafari kanipigia mwenyewe asubuhi. "Dada, lete gari, sijalala vizuri." Kang'oa kiti. Waya wa hasi wa amplifaya alikuwa kaufunga kwenye sakafu chini ya kiti, na sakafu hiyo baba aliipaka rangi nzito ya kuzuia kutu, mara mbili, kwa kuogopa tope la Ileje. Rangi haipitishi umeme. Kapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, kaufunga upya.
Kimya. Nimekanyaga mafuta mpaka majirani wakatoka nje. Kimya!
Nimemwomba radhi. Kacheka tu, kasema mzee alikuwa mtu wa kazi.

Jumapili, 10 Agosti
Matanga yameanuliwa jana, salama. Leo mama kakaa mbele, mikono mapajani. Nimeuwasha wimbo tukiwa milimani. Hakulia. Ulipoisha akaniashiria niongeze sauti.
"Rudisha mwanzo, mwanangu. Pale kabla hajaanza."
Kumbe kabla ya kuimba baba anavuta pumzi. Ndefu, ya puani, inakwaruza kidogo. Sikuwahi kuijua. Mama alilala kando yake miaka yote.
Nimeirudisha kila aliponigusa mkono, mpaka tukafika Mpemba, karibu na Tunduma. Wimbo hatukuufikia tena.