Bunduki ya Maua

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mikono bado inanuka mafuta ya taa. Ndugu wawili wa kijiji cha Kidahwe, Gervasi na Martini, wameleta ofisini kwetu, tunakokagua silaha, bunduki mbili za marehemu baba yao. Zote za mitutu miwili, za Mbelgiji, zilivuka ziwa enzi za ukoloni. Wanataka niseme ipi ina chuma bora, wagawane urithi. Kila mmoja anaitaka ya maua.

Maua kweli. Michirizi mtutu mzima. Chuma laini na chuma kigumu vilisokotwa, vikazungushwa kama ukili wa kikapu, vikafuliwa mpaka vikashikana. Ya pili ni chuma kitupu, kipande kimoja, haina urembo wowote.

Ndani sasa — ptuu. Nimetoa utando wa buibui, mavi ya mende, kutu ya kujaza kijiko. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumanne, 5 Machi

Nimeining'iniza mitutu kwa uzi, nikaigonga. Ya chuma kitupu ililia kama kengele. Ya maua — sufuria iliyopasuka. Kutu imeingia kwenye maungio, inakula taratibu. Na ilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya kale. Risasi za siku hizi zitaipasua, na mkono wa kushoto wa mpigaji utakwenda nayo.

Nimeandika ripoti ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza nimesifia ufundi, sikuweza kujizuia. Wa pili: ISIPIGWE KAMWE. Nikapendekeza ibaki stoo. Bosi kakataa, eti niwarudishie, ni watu wa kwetu. Mimi Mpare, sina wa kwetu hapa. Nimerudisha.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Vitenge vya zambarau, hotuba, soda ya moto.

Nimemkuta Martini sokoni Mwanga, ya huku, si ya kwetu Upareni; tukaagiza soda. Gervasi kachukua ya chuma kitupu, yeye kachukua ng'ombe. Na ya maua? Akacheka. Wamempa dada yao Yunisi, anayelinda mahindi ya familia dhidi ya nyani.

"Ina maua, madam. Inawafaa akina mama."

Nikamuuliza kama walisoma ukurasa wa pili. Wamesoma! Ndiyo maana hakuna aliyeitaka tena. Kasema hivyo huku anachokonoa meno. Tumbo moja limewazaa wote watatu. Nimemwachia soda yake na yangu, nikaondoka.

Yunisi hana simu. Kesho naenda.

Jumamosi, 9 Machi

Niko barazani kwa Yunisi. Kaingia kupika chai, naandika nikimsubiri.

Kanipokea kwa magoti yote mawili. Warakoze, madam, warakoze, ananishukuru kwa lugha yao. Ukurasa wangu wa kwanza kaubandika ukutani. Wa kwanza tu! Sifa zote zile, na jina langu chini: Aikande. Najichukia kuliko ninavyowachukia kaka zake. Karatasi moja ingetosha sifa na onyo.

Jana alipiga mara moja, nyani wakakimbia. Nimepitisha kidole kwenye mtutu wa kushoto: uvimbe, mdogo kama punje ya choroko. Amebakiwa na risasi tatu.

Nimemwambia yote. Kutu, uvimbe, ukurasa waliouficha. Kasikiliza kwa adabu. Nikasema nipe niirudishe ofisini. Akaitoa mikononi mwangu polepole, akaifunga na kitenge chake.

"Madam, kaka zangu hawajawahi kunipa kitu."

Kaingia nayo jikoni. Chai inachelewa. Mbwa wanabweka huko mahindini, nyani hao, na mlango wa nyuma umefunguka —