Mega 256 Zinamtosha Baba Yako

S.L.P. 614,
Kitengela.
17 Juni 2007.

Mpendwa Ndulu,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Natumaini u mzima na baridi ya Leeds imeanza kukuonea huruma. Je, mgongo uliokusumbua Machi umepona? Nesi anayeinua wagonjwa siku nzima asidharau mgongo wake.

Huku mvua iliacha mapema na vumbi limerudi. Mama yako hajambo. Amefuga kuku kumi na wawili nyuma ya nyumba na anawajua mmoja mmoja kwa tabia.

Nije sasa kwenye ombi lako. Uliniomba, kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari na nimezoea kuuliza watu maswali, nichunguze kama umnunulie baba yako kadi ya picha ya mega 256 au 512 kwa kompyuta yake, kabla rafiki yako Nashipae hajasafiri kuja nyumbani Julai. Nimechunguza.

Ule mchezo wa treni uliomtumia Krismasi haukumfurahisha kwa reli za Ulaya. Alipogundua kwamba unaweza kujitengenezea reli yako mwenyewe, alianza kujenga ile aliyoendeshea treni miaka ishirini na tisa, kutoka Kajiado hadi Magadi. Kona zote ameziandika kwenye daftari. Amepita kidogo stesheni ya Turoka. Hapo ndipo shida ilipo: kila akiongeza vilima, picha zinakwama na treni inaruka kama panzi.

Jumamosi tulibeba kompyuta hadi kwa Abdihakim, fundi hapa mjini. Aliifungua akatoa vumbi jeupe la magadi la miaka yote ile mliyoishi kwenye nyumba za kampuni kule Magadi. Kadi iliyomo ni ya mega 64. Pia tundu lake ni la aina ya zamani, AGP, kwa hiyo usinunue zile mpya za PCI Express. Hazitaingia.

Baba yako alitaka 512. Alisema kubwa ni kubwa. Abdihakim akacheka, akamwambia 512 nyingi za bei nafuu zimewekewa chipu dhaifu.

"Mzee, mega ni mabehewa tu. Injini ni ile chipu."

Baba yako akamgeukia.

"Si ungesema hivyo kutoka mwanzo, kijana? Mimi nimelala Turoka siku mbili kwa sababu ya bosi aliyeongeza mabehewa na injini ni ileile."

Jambo hilo likaisha hapo. Abdihakim alieleza pia kwamba 512 hufaa mtu anayetaka picha kali kwenye skrini kubwa. Baba yako ameiweka skrini yake kwenye kipimo cha chini, kila kitu kionekane kikubwa. Kwa matumizi hayo, 256 zinatosha na kubaki, ikiwa chipu ni nzuri. Jina la chipu nimeliandika nyuma ya karatasi hii.

Lakini nilijiuliza kwa nini anataka kila kitu kiwe kikubwa hivyo. Nilimuuliza mara tatu. Mara ya kwanza alisema miwani ni mbaya, ya pili akasema taa ni mbaya. Mara ya tatu alinionyesha kadi ya kliniki. Ana presha ya macho. Jicho la kulia haoni nalo tena. La kushoto anatia dawa kila siku, na daktari hakumwahidi zaidi ya mwaka mmoja wa kuona.

"Usimwandikie Ndulu," aliniambia. "Ataacha kazi aje kunishika mkono."

Nilimjibu kwamba sitaahidi hivyo. Wewe ni mtoto wake, tena ni nesi. Ungeumia zaidi kusikia baadaye kwamba sisi wote tulijua. Mama yako anajua. Nimewaambia wote wawili kwamba naandika.

Usiache kazi. Hilo halihitajiki, na atakasirika kweli. Ila ile likizo unayoiweka Desemba kila mwaka, omba uipate Septemba. Kadi ikifika Julai, kwa mwendo anaojenga nao, atakuwa ameingia stesheni ya Magadi kufikia wakati huo. Umwandikie mwenyewe kuhusu macho. Mimi nimeripoti, lakini maneno ya kumwambia ni yako.

Mama yako anakusalimu sana, pia mjomba wako Kitheka wa Rombo, na Bi. Ruqia jirani, anayeuliza kama Uingereza wanakula mbuzi. Mpe salamu Nashipae, na umwambie kadi ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye mizigo.

Mungu akulinde katika zamu zako na akulete salama. Baba yako amekwisha kupanga safari: wewe ndiye utakayeendesha treni ya kwenye kompyuta kutoka Kajiado, yeye atakaa kando yako akuambie pa kupiga honi.

Baba yako mdogo akupendaye,
Musila