Maikrofoni kwa Vidole Vitatu

Jumatatu, 3 Machi

Hospitali tangu asubuhi, na mdogo wangu. Daktari hakuzungusha maneno: mishipa ya fahamu ya mkono wa kushoto inakufa, kidole baada ya kidole. Cha mwisho kimeshalala. Cha pete kinafuata — wiki mbili, labda mwezi. Dawa ya kukirudisha hana. Akamuuliza anafanya kazi gani. Mdogo wangu akasema alikuwa mpiga gitaa mpaka dakika tano zilizopita. Nikacheka peke yangu, nikaona aibu.

Njiani aliongea jambo moja tu. Miaka thelathini na moja kwenye bendi, na katika kila rekodi gitaa lake limefunikwa na tarumbeta. Ana wimbo mmoja wake mwenyewe, hauna maneno, hajawahi kuupiga mbele za watu. Anataka unaswe kabla cha pete hakijalala.

"Wewe ndiye msomi, kaka. Tafuta maiki. Ila isiwe ya kutuuzisha nyumba."

Nimekubali. Nimefundisha fizikia miaka arobaini. Hili naliweza.

Jumatano, 5 Machi

Duka la vyombo vya muziki. Muuzaji wanamwita Waya, na kweli ukimtazama kwa ubavu humwoni. Akanitolea maikrofoni ya kondensa. Eti inasikia hata mbu akipiga miayo. Nikamweleza kwamba hapo ndipo penye tatizo: nyumba ya mdogo wangu iko barabarani, itanasa pikipiki zote na ugomvi wa majirani. Tena inataka umeme wake wa pembeni.

Niandike hapa nisije nikasahau. Gitaa la umeme lenyewe linanong'ona tu. Sauti huzaliwa kwenye spika ya amplifaya. Kwa hiyo maikrofoni haielekezwi kwenye gitaa, husogezwa karibu kabisa na kitambaa cha spika. Pale kuna kishindo, na inayofaa ni ile ya koili. Ni dainamo ya baiskeli iliyofanywa ndogo: sauti inasukuma utando, utando unatikisa koili ndani ya sumaku, umeme unatoka. Haiogopi makelele, haipelelezi majirani, na bei yake mstaafu anaiweza.

Ziko tatu za namna hiyo. Nimeacha kitambulisho, nikapewa zote niende kuzijaribu. Waya akasema nichukue yoyote nikamalize kazi, zinafanana. Nikamjibu kwamba zinafanana kwa asiyepima.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzima sebuleni kwa mdogo wangu. Tumesimamisha magodoro ukutani ili sauti isirudi. Shemeji amezima friji bila kuombwa.

Ukitaka kulinganisha vitu vitatu, kila kitu kingine lazima kibaki vilevile. Kwa hiyo alipiga kipande kilekile, kompyuta yangu ikirekodi, mara tatu kwa kila maikrofoni: katikati ya spika, ambapo sauti ni kali, ukingoni, ambapo ni nene na nzito, na kati ya hapo. Kisha tukarudia, maikrofoni ikiwa imeinamishwa kidogo.

Mara ya nne alijisahau, akaupiga wimbo wote mpaka mwisho. Shemeji alisimama mlangoni, mikono inachuruzika maji, hakuondoka. Nilipomwambia mdogo wangu ashike kipande tulichokubaliana, akaitikia, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. Tukacheka wote. Kwenye daftari niliandika: mara ya nne, kiti kimelia, alama sita kwa kumi.

Kufika alasiri alikuwa anaukung'uta mkono kama mtu anayemwaga maji. Shemeji akaniomba nimpumzishe. Nikasema bado mara mbili tu. Zikawa tano.

Nimeshafuta majaribio yote kwenye kompyuta, nafasi ni ndogo. Jedwali la alama ninalo, na ni safi.

Jumapili, 9 Machi

Imeshinda ya pili. Upana wa vidole viwili kutoka katikati, imeinama kidogo.

Nimerudisha zile nyingine. Waya akauliza kama mzee mwenzangu ameshapiga. Nikasema Jumanne, nimemwamuru apumzike kwanza. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Akatazama pembeni.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa mezani kwao.

Kila kitu kilikuwa tayari saa nne asubuhi. Alikaa, akapiga mwanzo vizuri, akafika pale wimbo unapopanda. Cha pete hakikubana. Uzi ukakwaruza, ukafa. Akaanza upya. Ukafa palepale. Akajaribu kupeleka cha kati kwa niaba yake, hakifiki. Mara nane. Maikrofoni ni nzuri mno. Inanasa wazi kabisa uzi usiobanwa, na pumzi ya mtu baada yake.

Mwishowe akalaza gitaa kwenye kochi, taratibu, kama anayemlaza mgonjwa. Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Mimi nilikuwa natafuta neno.

Yeye ndiye aliyelipata kwanza. Akasema hamna shida. Ijumaa si aliupiga wote? Kiti kililia, sawa, kiti nacho ni cha nyumba hii. "Weka ile, kaka. Tusikie."

Nimefungua kompyuta. Nimewaambia ni ya zamani, inachelewa kuwaka, na kwamba nahitaji kwanza kuandika namba ya rekodi kwenye daftari. Ndiyo wanayodhani naiandika sasa.

Amevuta kiti karibu na spika. Mkono wa kushoto ameupakata kwa wa kulia. Anamwambia mkewe kwamba asikilize sehemu ya kati, hiyo aliitunga mwaka ule walipohamia hapa, hakuwahi kumwambia.

Shemeji anauliza kama ni ndefu, azime jiko kwanza.

Nimemwambia azime.