Dawa Ndiyo Huisha Muda

Baba,

Shikamoo. Ni mimi Naghenjwa. Duka langu la dawa lipo palepale karibu na stendi ya Same, na joto ni lile ulilokuwa ukililalamikia kila uliposhuka kutoka Bombo. Kaburi tumeshalijengea. Migomba anaitunza kaka Elinami.

Nakuandikia kuhusu neno moja. Kwenye karatasi ya hospitali wamekuandika 'expired'. Ulifundisha Kiingereza hadi ukastaafu, kwa hiyo pengine usingeshtuka. Lakini mimi neno hilo naliandika kila mwezi juu ya boksi la dawa zilizopitwa na muda, zikateketezwe. Nikaona wamekufanya chupa ya dawa ya kifua. Nilikasirika, Baba. Karatasi nikaitia kwenye droo, ikakaa humo wiki sita.

Jumanne nikaitoa, nikaenda nayo wodini kumtafuta muuguzi aliyeiandika. Ni msichana wa Lembeni, mpole. Nikamwambia, "Mtu hufariki. Dawa ndiyo huisha muda."

Akaisoma, akasema, "Ndivyo tulivyofundishwa, dada. Maana yake nyingine ni kutoa pumzi."

Nilikuwa nalijua hilo. Wewe mwenyewe ulitusimamisha uani, mimi na Elinami, ukasema, "Vuteni pumzi. Sasa toeni. Hiyo ya pili ndiyo kitenzi chetu cha leo." Tukacheka. Nilikuwa nimelisahau kwa sababu dukani maana moja inatosha.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikumwuliza. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kukutafutia uji. Yeye alikuja kubadilisha dripu, akaona pumzi zako zinachelewana, akavuta kiti, akakushika mkono. "Alitoa moja ndefu," akasema. "Nikangoja nyingine. Haikuja."

Nilikwenda kumsahihisha. Nikamshukuru, nikaondoka.

Sasa nakuaga, Baba. Jumapili napanda Bombo. Mama sijamwonyesha ile karatasi, lakini kila nikifika huniuliza kama ulikuwa peke yako, nami husingizia uchovu nikaenda kulala. Safari hii nitakaa naye jikoni, nimwambie kwa Kipare, taratibu, kwamba kulikuwa na mtu, na alikuwa amekushika mkono. Nakuahidi.

Mwanao,
Naghenjwa