Sufuria Iliyonifikisha Riyadh

Jeddah,
14 Mei 2025

Mpendwa kaka Haidar,

Assalamu alaykum. Naomba waraka huu ukukute mzima, na lile goti limepunguza kukusumbua. Wifi Zuwena je, kifua kimetulia? Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi, ila joto limeshaanza kutuchoma.

Kaka, mie nasoma. Najua Nada ameshakudokezea kwa simu, lakini binti yangu huyo habari hutoa nusu. Mwaka wa pili huu niko chuo cha jamii hapa Jeddah, nasoma lugha na historia. Na miaka yangu arobaini na tisa nakaa na wasichana wanaoniita khala, kama wanavyomwita dada wa mama zao.

Muhula wa kwanza nilianguka mtihani wa insha. Kiarabu cha sokoni ninacho tangu nilipoolewa, cha kuandikia sikuwa nacho. Nikamwambia mume wangu, "Halas, basi tena, Mubarak. Narudi jikoni kwangu." Unamjua, hana maneno mengi. Akasema, "Kesho saa kumi nitakuwa chini na gari. Usiposhuka, nitaondoka."

Nikashuka.

Baadaye mwalimu wetu, Ustadha Huda, akatutaka kila mmoja achague jambo la kuchunguza. Wenzangu wakachagua wafalme na vita. Mie nikachagua majina ya vyombo: sahani, sinia, birika, sufuria, jinsi yalivyotoka Kiarabuni yakakaa kwetu Unguja. Wasichana wakacheka. Ustadha hakucheka. Alinifanya niandike kazi yangu upya mara tatu.

Mwezi uliopita tukateuliwa watatu kwenda Riyadh kusoma kazi zetu mbele ya watu wa vyuo vingine. Mubarak aliendesha siku nzima huku namsomea, na kila nikijikwaa ananirudisha mwanzo.

Ukumbini nikasoma kazi yangu hadi mwisho. Profesa mmoja mzee akaniuliza, "Neno sufuria asili yake ni shaba. Zenu si za alumini?"

Nikamjibu, "Ni za alumini, ustadhi. Mafundi walibadilisha chombo, mama zetu hawakubadilisha jina. Ndiyo maana niliwauliza kina mama, sikuwauliza mafundi."

Watu wakapiga makofi! Nada alikuwa analia huku anarekodi, ndiyo maana video aliyokutumia inatikisika vile. Darasani nimekuwa wa kwanza. Najisifu, najua, lakini nikajisifie kwa nani kama si kwako?

Sasa lile zito. Nasikia unamwambia wifi kuwa ulinidhulumu, uliponitoa skuli baada ya baba kufariki, ukaniozesha huku. Kaka, sitasema haikuniuma. Nililia mwaka mzima. Lakini ulikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, una wadogo watano wa kulisha, na mume uliyenipa ni mtu mwema. Nilikusamehe zamani. Kosa langu ni kutokukwambia.

Mwakani nahitimu, inshallah. Kwenye sherehe kila mwanafunzi anapewa nafasi mbili za jamaa zake. Moja ya Mubarak. Ya pili ni ya baba, na baba akiwa hayupo hukaa kaka mkubwa. Njoo ufanye umra, kisha uje ukae.

Nisalimie wifi, mwanao Ziyad, na shangazi Mwanakheri. Mwambie shangazi jina lake limo kwenye kazi yangu, kwa yale aliyonieleza kwa simu kuhusu vyombo. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulinde wewe na nyumba yako.

Nduguyo akupendaye daima,
Wahida