Chupa Kando ya Seredani

Jumatatu, 10 Julai 1961
Maabara, Changamwe. Leo tena kuchanganya mafuta ya nazi na ya mbarika. Injinia ataka kuona mafuta yanavyopita ndani ya vali, tukaunda vali ya kioo. Lakini kioo chapinda mwanga, kingo zaziba picha. Mafuta yakiupinda sawasawa na kioo, kioo hakionekani tena. Huonekana unga wa alumini tuliotia tu, ukifuata mkondo.

Nyumba kimya. Zuhura yuko kwa mamake Likoni tangu Idi. Alipotoka alisema, "Kwako mimi sipo." Namtaka mke wangu arudi. Basi.

Jumatano, 12 Julai
Nimepata. Vali nimeizamisha katika beseni la mchanganyiko, ikapotea. Nikapapasa kwa mkono: imo. Wakubwa waja Ijumaa asubuhi kutazama.

Ami Sefu alikwenda Likoni kunisemea. Mama mkwe asema niende mwenyewe Jumapili. Nisipokwenda, nisiende tena.

Ijumaa, 14 Julai
Aibu. Baridi ya kusi usiku kucha, mafuta yameganda. Beseni jeupe kama tui, wakubwa wanatazama weupe. Mtu wa pwani mzima, nimesahau kuwa mafuta ya nazi huganda Julai.

Nyumbani, chupa yangu ya mafuta ya nazi ya kupaka imeganda pia. Tangu tuoane haikuganda hata asubuhi moja. Zuhura alikuwa akiiweka kando ya seredani ya makaa kabla sijaamka. Sikuuliza. Sikumshukuru. Nimelia, wallahi.

Jumamosi, 15 Julai
Nimelizungushia beseni maji ya moto. Vali ikapotea tena. Injinia ataka turudie kesho mbele ya wakubwa. Nimekataa. Sijawahi kumkatalia. Kazi yaweza kuniponyoka.

Jumapili, 16 Julai
Likoni. Mama mkwe hakutabasamu. Zuhura nyuma ya pazia. Maneno niliyoyapanga kivukoni yote yalinitoka kichwani, nikaeleza habari ya chupa tu. Zuhura akauliza, "Na sasa nani huiweka motoni?"
"Hakuna."
Nimerudi peke yangu. Hamu yake inaniuma kifuani.

Jumanne, 18 Julai
Injinia amenuna ila hajanifukuza.

Nimerudi, mlango umeegeshwa. Seredani ina moto, chupa iko kando yake, mafuta ni maji. Uani kuna mtu anakuna nazi, na mkuno ule naujua.

Nimeketi na kalamu maana naogopa kuharibu. Nitaanza na ahsante. Sasa natoka uani.