Kiuno cha Mama na Gari la Spoti

Mchombe, Jumapili

Dada Anjela, shikamoo. Wali wa huku mtamu, lakini nakuandikia nimekasirika na huyo mdogo wako Festo. Lile gari lake la mwaka jana, toleo la kawaida, lilitufikisha huku kwa mjomba huku mama akimenya machungwa kwa kisu, wala hakujikata. Kaliuza! Sasa ana toleo la spoti la gari lilelile: tairi za ubavu mwembamba, springi ngumu, bomba linapiga kelele, na safari hii mama na kiuno chake kibovu anarushwa kila shimo. Nikamwambia apunguze mwendo. "Nimeshabonyeza kitufe cha safari laini," akanijibu. Laini gani hiyo!

Mama akamwamuru asimame. "Mwanangu, lile lilinibeba. Hili linanipiga." Akashuka, tukamsaidia kupanda tela la pawatila, kile kitrekta cha mkono, ya mkulima mmoja, juu ya magunia ya mpunga. Alifika kwa mjomba amelala usingizi.

Tumekukumbuka sana, dada. Tukirudi, mkande mama kwa maji ya moto. Festo mtandikie mkeka sakafuni, umwambie hilo ndilo godoro la spoti.